Klia ya Madamu

Neno moja la Kiingereza limenigharimu mistari ishirini na sita ya mizabibu. Nimeihesabu mara mbili, kwanza kwa mashimo yaliyobaki, halafu kwa kumbukumbu, na hesabu zote mbili zimekubaliana, jambo ambalo kwangu ni nadra hata sokoni. Weka juu yake nguzo zilizovunjwa, waya uliokatwa vipande visivyofaa hata kufungia banda la mbuzi, na mke wangu Mama Neema ambaye kwa muda mrefu alikuwa ananiwekea chakula mezani bila kusema karibu. Heshima sijaiweka humo. Bado sijui kama imepotea yote au imebaki kidogo chini ya gunia.

Neno lenyewe ni klia. Aliyemweleza mke wangu maana yake ni Madamu, na Madamu ndiye ninayetaka kumchora hapa nikiwa bado na hasira, kwa sababu nikingoja zipoe nitamchora mzuri kupita alivyo.

Jina lake silitaji, wala si kwa kumsitiri. Hakuna anayelitumia. Aliowafundisha wanamwita Madamu, watoto wao wanamwita Madamu, na muuza nyama wetu hapa Makutupora, ambaye hakuwahi kupita mlango wa sekondari yoyote, humwuliza, "Madamu, leo mbavu au paja?" Naye hujibu, "Leo anza na shikamoo." Mimi alinifundisha Kiingereza miaka minne. Alipostaafu alifungua steshenari kule Chimwaga ili apate riziki kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Wakamchosha. Alisema wanaandika kama watu wanaokimbizwa na mbwa. Akabeba mashine yake ya fotokopi akaja kuiweka huku, kando ya barabara, umbali wa kuitana tu kutoka shamba langu. Hivyo mwalimu wangu akawa jirani yangu, na huku kwetu jirani aliyesoma ndiye anayekusomea barua.

Hilo neno jirani lilikuwa lake kabla halijawa letu. Darasani alikuwa anaandika neno moja la Kiingereza katikati ya ubao, peke yake, halafu anageuka na chaki mkononi. "Lina maana gani?" Tukikimbilia kujibu, anafuta. "Ukimwona mtu kasimama peke yake barabarani, unajua anakwenda wapi? Nani jirani yake wa kushoto? Nani jirani yake wa kulia?" Ndipo anaandika ya kushoto na ya kulia, na lile la katikati linageuka maana mbele ya macho yetu.

Klia lilimpa raha kuliko yote. Anga ikiwa klia haina wingu. Beki akiklia mpira, kaupiga mbali na goli lake. Hakimu akimklia mtu, mtu huyo analala kwake. Ukiklia meza umeondoa vyombo, ukiklia koo unataka kusema jambo, na farasi akiklia ua kauvuka bila kuugusa. Farasi wenyewe hatukuwahi kuwaona, lakini tulimwona yule mmoja akivuka, kwa sababu Madamu aliinua gauni kidogo akaruka kizingiti cha darasa kutuonyesha. "Neno hili," akasema akihema, "mtu akikupa mkononi bila jirani zake, usilipokee." Hayo aliyasema yeye, kwa mdomo wake, mbele ya darasa zima. Nayarudia kwa sababu nitayahitaji mbele.

Siku hiyohiyo nilinyoosha mkono. Nilikuwa mbishi tangu zamani. Kazi ya udalali wa zabibu ninayofanya sasa ilianzia mdomoni kabla haijafika mfukoni. Nikasema, "Madamu, mbona na sisi tunalo la namna hiyo? Kulia. Mkono wa kulia, kulia msibani, na sahani ya kulia ugali."

Darasa likacheka. Madamu alinitazama kwa muda ambao ungetosha kuchemsha chai. Kisha akasema, "Kaa chini. Shati lako halijachomekwa."

Ilituchukua miezi kuelewa kwamba huko ndiko kushindwa kwake. Madamu akishindwa hoja hasemi umenishinda. Anakutafutia shati. Mkaguzi mmoja aliwahi kumwonyesha, mbele yetu, kwamba ubaoni ameandika herufi moja badala ya mbili. Madamu akamtazama kiunoni, akasema kwa upole, "Mheshimiwa, shati." Mkaguzi mtu mzima, mwenye gari la serikali nje, akageukia ukutani akachomekea. Alipogeuka tena ubao ulishafutwa. Tulimshangilia kimoyomoyo, na tuliporudi mabwenini tulikuwa tunaigizana: mtu akikamatwa kaiba sukari ya mwenzake, anasema, "Shati lako halijachomekwa." Tulidhani ni kichekesho. Kumbe tulikuwa tunaonyeshwa bidhaa ambayo tungekuja kuuziwa.

Alichokichukia kuliko makosa ni mchanganyiko. Ukitaka Kiingereza sema Kiingereza, ukitaka Kiswahili sema Kiswahili. Nilikuwepo dukani kwake, bado kule Chimwaga, kijana mmoja wa chuo alipoingia mbio: "Madamu, niprintie fomu ya kuklia, niko fasta."

"Umekuja na mguu mmoja wa Kiingereza na mmoja wa Kiswahili. Utafika wapi? Toka. Ingia upya."

Kijana akatoka kweli. Akasimama juani, midomo ikimcheza, akapanga maneno. Akaingia. "Shikamoo Madamu. Naomba unichapishie fomu ya kuthibitisha kwamba sidaiwi vitabu chuoni."

"Marahaba, mwanangu. Umeona ulivyopendeza?"

Lakini huyohuyo alikuwa na kuku wa mayai aliyemwita Nauni na jogoo aliyemwita Vabu, kwa maelezo kwamba ndiye pekee anayetenda pale uani. Jirani akija kulalamika kuwa Vabu kamparulia mchicha, Madamu anajibu, "Hiyo ndiyo kazi ya vabu." Watoto wanaorukia zabibu za kibarazani kwake anawafukuza kwa Kiingereza tupu, kwa sababu Kiswahili, anasema, wameshakizoea na hakiwaumi.

Bei hakupunguza. Mimi napunguziwa na watu wagumu, nimewahi kupunguziwa na fundi makaburi, lakini kwa Madamu nilitoka mikono mitupu kila mara. "Madamu, mimi mwanafunzi wako." "Ndiyo sababu," anasema huku akipanga karatasi. "Nakumbuka ulichokuwa unapata."

Mtu mmoja tu hakuwahi kumtoza, naye ni mama yangu. Mama hakujua kusoma, na Kiswahili chenyewe alikiazima. Lugha yake ilikuwa Kigogo. Karatasi yoyote ikimfikia, ya zahanati, ya ushirika, hata ya kampeni, aliikunja akaenda nayo kwa Madamu, akasimama mlangoni akatoa salamu ya kwao, "Mbukwa." Madamu si wa huku, lakini hilo alijifunza kuliitikia, na aliliitikia kwa sauti laini ambayo sisi wanafunzi hatukuwahi kugawiwa. Angemsomea mama polepole, angerudia, angemwuliza, "Umeelewa nini? Nieleze wewe." Mama alilipa kwa alichokuwa nacho. Mwaka mmoja, mvua zilipoanza, alimpelekea pingili za mzabibu wake bora kuliko yote, zimefungwa kwenye gunia bichi. Madamu akazichomeka mbele ya nyumba, moja ikashika, akaijengea kichanja, na kwa miaka yote hii kibaraza chake kimekuwa na kivuli kuliko nyumba yoyote ya barabara hii. Hakuwahi kuuza hata shada moja. Ndege walikula, watoto walikula, mimi nilikula nikiwa natukanwa kwa Kiingereza.

Shamba langu lilitoka kwa mama huyohuyo. Mitaro aliichimba yeye, samadi akaibeba yeye kichwani, na alipofariki nilibaki na mistari ishirini na sita na woga wa kuiharibu.

Sasa nije kwenye kasoro, kwa maana nimemsifu kupita nilivyopanga. Kuna neno moja la Kiswahili ambalo sijawahi kulisikia kinywani mwa Madamu. Neno hilo ni sijui. Jirani alimletea boksi la dawa ya kupulizia, limeandikwa lugha ambayo herufi zake zinafanana na nyayo za kuku. Madamu akaligeuza, akalisogeza kwenye mwanga, akalinusa, akasema, "Weka mbali na watoto." Jirani akashukuru akaondoka. Ni dawa gani hapa duniani isiyowekwa mbali na watoto? Tulicheka sana siku ile. Tulimpenda zaidi.

Mji wa Dodoma unakuja huku Makutupora kwa miguu yote minne. Kila ukiamka unakuta vigingi vipya. Mwaka huu ikawa zamu ya mtaa wetu kupimwa, na afisa anayesimamia upimaji, kijana mwenye miwani ya jua na viatu visivyojua samadi, akatuma ujumbe kwenye simu za wamiliki wote. Ulifika kwenye simu ya Mama Neema, kwa kuwa namba iliyoandikishwa ni yake. Nimeusoma mpaka naujua kama sala: "Ndugu mmiliki, wapimaji watafika Ijumaa. Hakikisha shamba lako liko klia kabla ya hapo. Asiyetimiza atarukwa."

Mimi nilikuwa Morogoro nikimsaka mteja. Mavuno yalishapita, mizabibu tulishaipogoa, ilikuwa imesimama vijiti vitupu, hali ambayo kwa mtu asiyeijua inaonekana kama kuni zilizopangwa vizuri. Mama Neema alinipigia. Mtandao ulikuwa unakatika, na nilichomjibu, amenikumbusha zaidi ya mara moja, ni "sikusikii klia." Akampigia afisa, simu haikupokelewa. Ndipo akavuka barabara kwenda kwa Madamu.

Mazungumzo yao ninayo kamili, kwa sababu nimemfanya Mama Neema ayarudie mara mbili, siku tofauti, nione kama yatabadilika. Hayakubadilika.

"Shikamoo Madamu. Hili neno hapa ni nini?"

"Marahaba. Klia. Kuondoa. Shamba likiwa klia halina kitu ndani yake, kama unavyofyeka pori."

"Hata mizabibu?"

"Wameandika shamba, mama. Hawakuandika magugu."

"Lakini Madamu, mizabibu ya bibi yake Neema kweli..."

"Umeniuliza Kiingereza au umeniuliza mizabibu?"

Hivyo ndivyo alivyomjibu, huku mashine ikitema nakala za mtu mwingine aliyekuwa anangoja. Hakumwambia amrudie afisa. Hakuuliza nani jirani wa kushoto, nani wa kulia. Mke wangu, ambaye maisha yake yote ameambiwa kwamba Madamu hakosei, alikwenda nyumbani akalia. Kisha, kwa kuogopa kurukwa, akaita vijana wenye majembe na shoka.

Nilirudi Alhamisi. Nilipita shamba langu bila kulitambua, nikafika mpaka kwa jirani, nikageuka. Udongo mwekundu mtupu, na lundo la mizizi kando. Nilisimama nikaanza kuhesabu mashimo. Mtu mwingine angepiga kelele. Mimi huwa nahesabu.

Ijumaa afisa akaja na wapimaji wake. Akavua miwani. "Jamani, hapa si palikuwa na zabibu?"

"Ulisema liwe klia," Mama Neema akamwambia.

"Ndiyo, mama. Klia! Yaani lisiwe na mgogoro. Mipaka ieleweke, majirani mkubaliane. Nani kakwambia ung'oe?"

"Wewe. Kwenye simu."

"Mimi nilisema klia."

"Basi ondoa hiyo K yako ya mbele, mwanangu," Mama Neema akasema. "Iliyobaki ndiyo kazi niliyo nayo tangu Jumatano."

Hapo ndipo tulipoambiwa kanuni, tumesimama juu ya mashimo. Shamba lenye mazao ya kudumu linabaki shamba. Ardhi tupu inaingizwa kwenye ramani ya mji na kukatwa viwanja. Hiyo habari, ambayo ingeandikika kwa Kiswahili cha mtoto wa darasa la pili, haikuwemo kwenye ujumbe. Nafasi yake ilichukuliwa na klia. Nilimwuliza afisa kwa nini hakuiandika. Akasema ujumbe ukiwa mrefu watu hawasomi. Nikamwangalia. Nilikuwa na mundu mkononi, na namshukuru Mungu kwamba mimi ni mtu wa kuhesabu.

Nilikwenda kwa Madamu jioni ileile. Alikuwa kibarazani, chini ya mzabibu wa mama yangu, anamtawanyia Nauni mtama. Sikusema shikamoo. Nadhani ni mara ya kwanza.

"Madamu, umeling'oa shamba langu."

Hakusimama. "Nilitafsiri neno," akasema. "Sikushika jembe."

Ni kweli, hakushika. Jembe walishika vijana, vijana walitumwa na mke wangu, mke wangu alitumwa na simu, simu ilitumwa na afisa, na afisa katumwa na ofisi ambayo ukienda unaambiwa mhusika yuko saiti. Duara safi, kila mtu kamkabidhi mwenzake, na katikati yake hakuna mzabibu hata mmoja. Ila mmoja tu katika duara hilo alikuwa amenifundisha mimi, kwa chaki, asilolifuata yeye.

Mwenyekiti wetu wa mtaa ni mzee mtaratibu, anayeongea kana kwamba kila neno analitoa kwenye chungu. Aliita kikao ofisini kwake. Afisa akaja, Madamu akaja, mimi na Mama Neema tukakaa benchi la mbele, na watu wakajaa madirishani. Mwenyekiti akaeleza lililotakiwa, ili hata aliyeko dirishani aelewe.

"Madamu, sisi hatukuiti kwenye kesi. Tunataka sentensi moja kutoka kwako. Useme mizabibu ilikuwepo, na iling'olewa kwa kuwa wewe ulimwelekeza mama huyu vibaya. Ukisema hivyo naandika kwamba ni bahati mbaya, afisa anaweka sahihi, na shamba linabaki shamba. Afisa, si ndivyo?"

"Ndivyo, mzee. Nikipata maelezo ya aliyeelekeza, naweza kuyaambatisha."

Madamu akasimama. Alivaa lile gauni lake la kijani la siku za mitihani. Na nasema ukweli, hata kwa hasira hizi: sijawahi kumwona mzuri namna ile.

"Kijana," akamwambia afisa, "ujumbe ulikuwa unamwandikia nani?"

"Wamiliki."

"Wanasema lugha gani?"

"Kiswahili, Madamu."

"Sasa hilo la Kiingereza mle ndani lilikuwa linamtafuta nani?"

Madirishani wakacheka. Afisa akajikuna shingo. "Madamu, klia ni Kiswahili siku hizi. Kila mtu anasema."

"Kila mtu anasema, na kila mtu ana lake! Fundi wa televisheni akikwambia picha iko klia, anataka uone. Dereva akikwambia barabara iko klia, anataka upite. Mchumba wako akikwambia sasa mambo yako klia, rudisha mahari nyumbani." Hapo hata mwenyekiti alitabasamu. "Daktari kakuklia, umepona. Gari limekliwa bandarini, limetoka. Wewe una neno ambalo kwa mmoja ni kuona, kwa mwingine ni kuondoka, ukamtumia mkulima usiku, bila hata salamu, halafu unashangaa kaondoa!"

Watu wakapiga makofi. Mama Neema, Mungu amsamehe, naye akapiga. Nilitaka kupiga. Kila alichosema kilikuwa sahihi, na kila makofi yalipopigwa nililiona shamba langu likisogea hatua moja zaidi kutoka kwangu.

Mwenyekiti akangoja kelele zitulie. "Tumekuelewa, Madamu. Sasa ile sentensi."

Madamu alishika ukingo wa meza. Nilimwona akifungua mdomo, nikadhani linakuja, kweli nilidhani. Akaufunga.

Nikasimama mimi. "Madamu, mke wangu alipokuletea lile neno, ulimwuliza nani jirani yake wa kushoto? Ulimwuliza nani jirani yake wa kulia?"

Akanigeukia. Macho yake yakashuka taratibu mpaka kiunoni kwangu.

"Shati lako halijachomekwa," akasema.

Safari hii hakuna aliyecheka. Hata madirishani.

Mwenyekiti akachukua kalamu. "Mimi naandika nilichokiona kwa macho yangu, na nilichokiona ni udongo. Wapimaji watarudi masika yakiisha kufunga ramani. Watakachokikuta siku hiyo ndicho kitakachobaki." Akanitazama kwa namna ya kuniambia jambo zaidi ya hilo, lakini mimi nilikuwa nasikia masikio yakinivuma tu.

Baada ya hapo nikawa nafanya nakala zangu mjini, nauli juu. Nikikutana na Madamu barabarani nilisema shikamoo, kwa sababu mama yangu alinilea, lakini niliisema kwa viatu vyake. Mama Neema alikuwa anasema, "Yule ni mtu mzima." Namjibu, "Hata mizabibu ilikuwa mitu mizima." Tunalala.

Mvua ya kwanza ilinyesha wiki iliyopita. Asubuhi yake nilikwenda shambani, sijui kufanya nini. Nadhani kutazama mashimo yakijaa maji. Nilikuwa na buti za matope na shati limening'inia nje mbele na nyuma. Nikasikia bodaboda. Ikasimama ukingoni, akashuka Madamu, akamlipa dereva bila kubishana bei, na dereva akamfungulia gunia kubwa bichi lililokuwa limefungwa nyuma. Akalikokota mwenyewe mpaka nilipo. Sikumsaidia. Nilitaka, miguu ikakataa.

Akalifungua. Pingili za mzabibu, zimekatwa kwa urefu mmoja, zimefungwa mafungu mafungu kwa kamba za katani kama mama alivyokuwa anafunga. Hakuhitaji kuniambia zimetoka wapi. Baadaye Mama Neema alipita kwake akaja na habari: kichanja kitupu, jua limejaa kibarazani, na Nauni anahangaika kutafuta pa kukaa.

"Hazitoshi mistari yote," Madamu akasema. "Zinatosha kuanzia. Masika yakiisha zitakuwa na majani. Wapimaji wataona majani."

Niliona macho yake yakianza kushuka. Yakafika kwenye shati langu, lililoning'inia kama bendera siku isiyo na upepo. Nikangoja. Nilikuwa na jibu tayari, nimelinoa kwa miezi, na si jibu la kuandikwa hapa. Akalitazama lile shati mbele, akalitazama ubavuni. Akainua macho akayarudisha usoni kwangu, na hakusema kitu.

Mvua ilikuwa inaanza tena, matone mojamoja. Akajifuta mikono kwenye kanga.

"Haya," akasema. "Sasa tuko klia?"

Yeye. Mwenye kutoa watu nje waingie upya. Alilisema katikati ya Kiswahili, peke yake, bila kushikwa na chochote kushoto wala kulia, akasimama kuningoja kama mwanafunzi aliyemaliza mtihani kabla ya wengine.

Nikamwambia, "Nitakujibu, Madamu."

"Usikae nazo mno. Zikikauka hazishiki." Akaondoka kwa miguu, polepole, akipita kwenye mashimo ya mama yangu kwa kuyazunguka moja moja.

Pingili ziko kwenye ndoo ya maji mlangoni kwangu. Mama Neema amenoa jembe na ameliegemeza ukutani ambapo lazima nilione nikitoka. Anasema nipande, niache ujinga, shamba ni la mama yako, hata pingili ni za mama yako. Ni kweli. Nikizipanda, shamba lina nafasi ya kubaki shamba. Lakini nikizipanda nimempa jibu, na ile sentensi aliyotunyima mbele ya mwenyekiti nitakuwa nimemsamehe kabla hajaisema. Na nisipozipanda nitakuwa nimeng'oa mimi safari hii, mzabibu wa mwisho wa mama, kwa mikono yangu, nikijua maana.

Nimeligeuza neno lake mara mbili. Huenda alikuwa ananiuliza kama nimemwelewa. Huenda alimaanisha kwamba sasa hakuna anayemdai mwenzake. Au aliniomba nimwachie huru, aende alale kwake. Au alikuwa anatazama tu lile shamba, na kibaraza chake kule nyuma, vyote viwili vitupu, na kusema alichokiona.

Nyinyi mliomaliza shule mkaelewa, nishaurini, na mnishauri upesi kwa sababu maji ya ndoo nimeshayabadilisha jana na leo. Nikivuka barabara nikamwambia, "Ndiyo, Madamu, tuko klia," atapokea maana ipi?